Mwanamume Aliyetoka Kwenye Redio

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa darasa la watu wazima ametuambia kila mtu aandike siku zake kwenye daftari mpaka muhula uishe, hata kama ni mstari mmoja. Amesema hatasoma, anataka tu mikono yetu izoee. Wangu umeshazoea. Mkono huu unashona viatu tangu sijaota ndevu, hautashindwa na kalamu. Herufi nimezijua uzeeni, sikatai, lakini nilizijua upesi kuliko wenzangu wote, na ninaziandika kubwa, hata asiye na miwani anazisoma akiwa mlangoni.

Jambo la pili, kila mmoja atunge hadithi. Moja itasomwa siku ya kufunga darasa mbele ya wageni. Mwalimu alipotamka hivyo darasa zima likanigeukia mimi. Nani hajui hadithi zangu? Watu huniletea kiatu kizima wakisingizia kimefumuka, ili wapate kukaa barazani wanisikilize. Mke wangu, ninayekaa naye dawati moja, yeye hakugeuka. Alikuwa anachonga penseli.

Mvua imeanza leo, wakati wa kurudi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Gundi haikauki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi kutoka kununua ngozi nikakuta muziki ndani ya nyumba yangu. Redio yetu, ile iliyokufa siku nyingi, imekaa juu ya meza inapiga magitaa na tarumbeta, hakuna anayeimba. Mke wangu yuko mbele yake na daftari.

"Nani kaifufua hii?"

"Fundi Redio wa pale kona. Kanitilia na memori, imejaa muziki."

"Muziki gani huu hauna mwimbaji? Mwimbaji kachelewa?"

"Ndio nilioutaka. Mwimbaji akiimba, naandika anayosema yeye. Huu unaniacha."

"Unakuacha wapi?"

"Unaniacha peke yangu, mzee."

Fundi Redio alifiwa na mkewe mwaka juzi, na ana meno yake yote. Nimeandika tu.

Jumamosi, 8 Machi

Ngozi zangu zimetolewa chumba cha nyuma zimewekwa chini ya kitanda. Chumba cha nyuma sasa ni cha kuandikia. Mlango umefungwa. Mlango ule niliuweka mimi kwa mikono yangu na haukuwahi kufungwa, hata sikujua kwamba unafunga vizuri hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Sijaanza hadithi yangu. Hadithi yangu ipo kichwani, imekamilika, haina haraka.

Jumatano, 12 Machi

Leo mwalimu ametaka wenye mwanzo wasome. Mke wangu akasimama. Miaka yote ya ndoa sijamsikia anasimulia kitu mpaka mwisho, kwa sababu huwa namsaidia kumalizia. Leo alisoma moja kwa moja.

Kuna mwanamke anafua mashuka peke yake uani. Mvua inaanza. Mwanamume mpita njia anasimama chini ya upenu kujikinga. Hamsemeshi. Mwanamke anaanza kusema mwenyewe, hili na lile, na mwanamume anasikiliza. Anasikiliza tu! Akicheka hatoi sauti, mabega ndiyo yanayocheka. Viatu vyake vimelika upande wa nje.

Mpiga Pasi, ambaye kila siku husinzia dawati la nyuma, leo alikuwa macho kama mlinzi.

"Mama," mwalimu akauliza, "huyu mwanamume katoka wapi?"

"Sijui, mwalimu. Muziki ukianza, anakuja."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa nguvu kuliko wote, asije mtu akafikiri vingine.

Lakini mimi ni fundi viatu. Sijashona hata siku moja kiatu cha mguu usiokuwepo. Mtu hawezi kutaja kiatu kimelika upande gani kama hajakiona kiatu hicho. Basi mguu huo upo. Na katika mtaa huu hakuna mguu ambao mimi siujui.

Alhamisi, 13 Machi

Nimechungulia soli. Kinyozi anakula upande wa ndani. Mpiga Pasi anakula ncha, kwa kusimama mezani siku nzima. Mwenye duka hana soli kabisa, ana aibu tu.

Fundi Redio sijawahi kumshonea, yeye ni mtu wa kandambili. Nikaenda kibandani kwake.

"Vua kandambili."

"Mzee wangu, siku hizi na kandambili unashona?"

"Vua, nakwambia."

Akavua. Zimelika visigino, na upande wa ndani, kwa sababu anatembea kama bata. Nikazirudisha. Akacheka mpaka watoto wakaacha mpira kumtazama. Mabega yake hayakutikisika hata kidogo, kicheko chote kilitokea mdomoni.

"Mama hajambo?" akaniuliza. "Mwambie nimepata muziki mwingine, mzuri zaidi."

Sikumfikishia salamu hizo.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua kutwa nzima. Muziki kutwa nzima. Nimepigilia misumari kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Jumapili, 16 Machi

Nimemkabili. Alikuwa anachambua mchele, nikavuta kigoda.

"Mama watoto, yule mwanamume ni nani?"

"Yupi?"

"Wa kwenye mashuka."

"Ah. Hayupo."

"Hayupo lakini ana viatu?"

"Nimemvisha mimi."

"Ulimvisha wapi?"

Akaweka ungo chini. Nilidhani atakasirika, akanitazama kama anavyotazama shuka kujua kama doa limetoka. Mke wangu alikuwa dobi wa hospitali mpaka alipostaafu.

"Kule kazini," akasema, "mashine zilikuwa zinanguruma toka asubuhi. Husikii mtu, husikilizwi. Kila mmoja anafua na mawazo yake. Nilikuwa nafikiria mambo mengi sana mle ndani, mzee, wewe huyajui. Nimestaafu, mashine hakuna. Humu ndani unaongea wewe tu. Hata ukinyamaza, naona unajiandaa."

"Sasa redio ndiyo mashine?"

"Redio ndiyo mashine."

"Na huyo mtu, kwa nini anasikiliza tu? Hana la kusema?"

"Kwa sababu nilitaka awepo anayesikiliza."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kupunguza, ili siku atakapoomba msamaha nimwonyeshe.

Jumatano, 19 Machi

Kasoma kipande cha pili. Mwanamume karudi, na mvua haikuwa kubwa kiasi hicho. Angeweza kupita zake.

Jumanne, 25 Machi

Binti yetu kapiga simu. Nikamweleza. Akasema, "Baba, unamwonea wivu mtu wa kwenye hadithi?" Nikamwambia simwonei wivu mtu yeyote, namchunguza. Akacheka. Akaomba azungumze na mama yake, nao wakacheka pamoja, mlango umefungwa.

Jumapili, 30 Machi

Kama siri ni muziki, muziki si mali ya mtu. Simu yangu ina redio. Leo nimekaa barazani, nikafungulia stesheni inayopiga nyimbo, nikatunga hadithi nzima kwa mkao mmoja. Ni ya fundi hodari aliyeitwa na mkuu wa nchi. Kurasa tatu! Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, sikujua hata ninaandika nini. Sasa wataona.

Jumatano, 2 Aprili

Nataka kuandika yaliyotokea leo na kuyamaliza.

Mimi naandika kwa kutamka. Lazima mdomo useme ndipo mkono ufuate. Waliosoma utotoni hawajui habari hii, wao wanaandika wamefunga midomo. Kumbe siku ile mdomo wangu ulikuwa unatamka ya kwangu na ya mwimbaji pamoja, na mkono ukaandika yote bila kubagua. Sikurudia kusoma, kwa nini nirudie kitu kizuri?

Nikasimama mbele ya darasa, nikakohoa, nikaanza.

"Mkuu wa nchi akamwita fundi, akamwambia, nishonee viatu vya ngozi laini, oo rudi mpenzi, jiko limepoa. Fundi akapima mguu wa mkuu, rudi rudi, jiko limepoa, akaona kidole gumba ni kirefu, oo mama."

Nilipofika kwenye kidole gumba nikajua kuna tatizo, lakini mimi si mtu wa kuacha kitu katikati. Nikaendelea. Mpiga Pasi akaanza kupiga dawati. Kila nilipofika kwenye jiko, darasa zima likaitikia. Mwalimu aligeukia ubaoni akawa anafuta mahali ambapo hapakuandikwa kitu.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini nilimtazama mke wangu. Kafunika mdomo kwa kitambaa, hatoi sauti, na mabega yake yanacheka. Mabega! Yeye hakuwa na kicheko hicho. Kicheko hicho ni cha yule mwanamume. Wameanza kufanana, kama watu wanaoishi nyumba moja.

Alhamisi, 3 Aprili

Watoto wa mtaa wanapita barazani wanaimba jiko limepoa.

Jumanne, 8 Aprili

Nimesikia anacheka mle chumbani. Peke yake, mlango umefungwa, magitaa yanalia. Nikabisha.

"Nani yuko humo?"

"Njoo uone."

Nikafungua. Yeye na daftari. Nikaangalia hata chini ya meza. Nakiri, niliangalia.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo mke wangu kaenda kisimani, na redio ilikuwa peke yake. Memori yenyewe ni kitu kidogo kama ukucha. Muziki wote ule, na mwanamume yule na viatu vyake, wanaingia kwenye ukucha. Nikauchomoa.

Mahali pa kuficha? Mwanamke huyu anaijua nyumba kuliko panya. Nilikuwa na kazi mkononi, jozi ya viatu vya mwalimu, kimoja kisigino kimetoka. Visigino vya siku hizi vina uwazi ndani, hawajazi kama sisi wa zamani. Nikaitia memori humo, nikaifungia na kipande cha sponji isilie, nikapaka gundi, nikapigilia misumari minne. Kazi safi. Hata mwenyewe nikaipenda. Nilitaka iwe humo siku mbili tatu tu, mpaka yule mtu achoke kungoja aende zake.

Nikaenda kunyoosha mgongo. Nilipoamka, viatu havipo barazani.

"Mwalimu kapita," mke wangu akasema. "Nimempa viatu vyake. Kafurahi sana, kasema hakuna fundi kama wewe."

Ijumaa, 11 Aprili

Katafuta memori juu ya meza, chini ya meza, ndani ya redio. Hakuniuliza. Akasema tu, kama anaongea na ukuta, "Haina miguu ya kutoka nje."

Jumamosi, 12 Aprili

Hakuna muziki. Kafua mapazia.

Jumapili, 13 Aprili

Kafua mapazia yale yale.

Jumanne, 15 Aprili

Chumba cha nyuma kiko wazi. Karudisha ngozi zangu humo mwenyewe, kazipanga vizuri kuliko nilivyozipanga mimi. Daftari lake kalitia chini ya redio, kama kitu cha kuizuia isiyumbe.

Kwa nini hamwendei Fundi Redio amtilie nyingine? Nimengoja aende. Nimekaa barazani nikitazama kona, nikisema akienda tu, basi, nimempata. Haendi.

Nimeshinda, ukitaka kuhesabu. Nimemsimulia leo, tukila, habari ya mteja mwenye vidole sita. Ni hadithi nzuri mno. Akasema, "Ehee." Nikamaliza. Akasema, "Ehee," akaondoa sahani. Mvua ikawa inasikika vizuri sana kwenye bati.

Jumatano, 16 Aprili

Mwalimu kamwambia asome kipande cha tatu. Akajibu, "Sina, mwalimu. Mtu wangu hajaja." Mwalimu akasema, basi atakuja, ila Jumatatu ijayo ndiyo mwisho wa kupokea hadithi za kusomwa mbele ya wageni. Akaondoka anatembea darasani, ko, ko, ko, na kila hatua nikajua nini kimo ndani ya kisigino cha kulia.

Mke wangu akafunga daftari. Nimeona mikono yake. Ni ile mikono ya sabuni, ngozi ya vidole imekunjamana haikurudi tena. Sikupata kuitazama ikiwa haina kazi.

Jumatatu, 21 Aprili

Nilitaka kumkuta mwalimu peke yake kabla ya darasa. Nilimngoja getini. Mvua ikamchelewesha, akaingia na wengine wote, na mke wangu akiwa tayari dawatini.

Basi. Nikasimama na nyundo ndogo na koleo, nilikuwa nazo mfukoni.

"Mwalimu, naomba kiatu cha kulia."

"Babu, kiatu kizima hiki. Umekitengeneza wewe."

"Ndiyo maana nakiomba. Kuna kitu nimesahau ndani."

"Umesahau nini ndani ya kiatu changu?"

Mpiga Pasi macho. Ningeweza kusema msumari. Msumari ulikuwa tayari mdomoni mwangu. Lakini nikamtazama mke wangu, na mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande, kama anasikiliza, na nikaona kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa ananingoja. Mwanamke mkaidi yule, angeacha hadithi yake ife kuliko kuniuliza!

"Muziki wa mke wangu," nikasema.

Mwalimu alisimama kwa mguu mmoja, mkono kauweka juu ya kichwa changu asianguke, na mimi nimepiga magoti nabandua kazi yangu mwenyewe. Haikutaka kutoka. Nimepigilia sana, na sitasema uongo, hata katika aibu ile nilijivunia misumari ile. Nyuma yangu wanaimba jiko limepoa, pole pole, kama kwaya. Sponji ikatoka, na memori ikatoka, kavu, haina mkwaruzo. Nikampelekea dawatini juu ya kiganja.

Akaifunga kwenye ncha ya kitambaa chake. Akamwinulia mwalimu mkono.

"Mwalimu, naomba mpaka Jumatano."

"Mpaka Jumatano, mama."

Njiani tulikuwa na mwavuli mmoja. Akatembea mpaka kwenye tope la kona, hapo akanishika mkono tuvuke.

"Ungeniuliza, ningekwambia," akasema.

"Nilikuuliza."

"Ulinihoji kama polisi."

Hilo nikaliacha lipite.

"Ukitaka kujua anatoka wapi," akasema, "njoo ukae. Ila usiseme hata neno."

Jumanne, 22 Aprili

Nimekaa.

Sijapata kufanya kazi ngumu kama hii. Kigoda changu pembeni, yeye mezani, redio katikati. Nilitaka kusema kwamba taa imekaa vibaya. Nikanyamaza. Nilitaka kusema kwamba gitaa lile limelegea waya. Nikanyamaza, mpaka jasho likanitoka. Yeye anaandika. Anasimama, anatazama dirisha ambalo halina kitu, anatabasamu, anaandika tena. Tabasamu lile nalijua. Nililipata mimi, zamani, kwa kazi kubwa na viatu viwili vya bure. Yule analipata kwa kusimama chini ya upenu.

Nina wivu mpaka kwenye kucha. Lakini sikuondoka kigodani.

Ijumaa, 9 Mei

Kufunga darasa. Mvua imepungua, wageni wamekuja na viatu vikavu.

Hadithi ya mke wangu ndiyo iliyosomwa. Nilijisubiri ndani yake mpaka mwisho. Sikutokea, hata kama jirani, hata kama mtu anayepita na mkokoteni. Mwisho mvua inakatika, yule mwanamume anatazama juu, anajifuta mabega, anaondoka. Mwanamke hamwiti. Anamalizia kuanika shuka la mwisho, anagundua kwamba bado anasema.

Alipoondoka nilifurahi nusu nisimame. Nikapiga makofi wa kwanza. Kisha nikaona mwalimu anafuta macho, na mgeni wa mbele anafuta macho, na mke wangu mwenyewe anasoma mstari wa mwisho sauti inamkatika.

Jumapili, 11 Mei

Mke wangu hali chakula vizuri. Anamwomboleza yule mtu wake. Alipokuwapo nilijua nimwangalie wapi, sasa hayupo na yuko kila mahali, hata kwenye kamba ya nguo.

Jumatano, 14 Mei

Darasa limekwisha lakini naandika, nani wa kunizuia.

Leo mchana kafungulia muziki, hakuwa na daftari. Kakaa anashona vifungo. Mimi nikakaa kigodani kwangu, sasa ni mazoea. Hapakuwa na mtu wa kumlinda. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza niliusikia muziki wenyewe, siku zote nilikuwa nalinda mlango. Tarumbeta ikaingia, ikarudi, ikaingia tena, na mimi nikamwona mwanamke. Sikumwita. Anavuka uwanja na mlango kichwani, mlango mzima, na bawaba zake. Hafanani na mtu yeyote niliyewahi kumjua. Nikachukua penseli ya mke wangu juu ya meza, nikaandika nimefunga mdomo.

"Unaandika nini?"

Nikaweka kidole mdomoni. Sheria ni yake.

Akangoja mpaka muziki ukaisha.

"Kuna mtu humo?"

"Yupo."

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

Akakata uzi kwa meno. "Kavaa viatu gani?"

"Miguu sijaiangalia."

Hapo akaacha kifungo. Anajua miaka yote mimi naanza na miguu, hata yeye nilimjua kwa miguu kabla ya uso.

"Hukuiangalia miguu yake," akasema. "Uliangalia nini?"

Muziki mwingine ukaanza, wa taratibu, na yule mwanamke akageuka na mlango wake, akawa anataka kusema kitu. Nikainama kwenye daftari. Mke wangu akanyoosha mkono, akaizima redio.

Uzee wangu wote huu sikujua kwamba wivu, ukimkaa mtu mwingine, unapendeza hivi.